Lisome Ubavuni Kabla Hujalipa

Mwalimu wa Lushoto, swali lako nimelipokea. Umesema Boxer yako inakupeleka shule kila siku, kipande lami na kipande udongo mwekundu, tairi la nyuma limeshakuwa kipara, na muuza spea amekushauri uchukue pana zaidi ili pikipiki "itulie barabarani." Unauliza umsikilize? Usimsikilize, mdogo wangu. Huyo ana tairi pana lililokaa dukani siku nyingi, anatafuta wa kumsukumia.

Chukua kitambaa ufute tope ubavuni mwa tairi ulilonalo. Kama halijawahi kubadilishwa ovyo utakuta 3.00-17 nyuma na 2.75-17 mbele. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Ukilazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba, rimu inalibana, mgongo unatuna, na kinachogusa lami kinakuwa ukanda wa katikati tu. Utulivu ulioahidiwa hauji. Kinachoweza kuja ni tairi kusugua cheni.

Baada ya saizi angalia alama kama 50P. Hiyo 50 maana yake tairi linabeba hadi kilo 190, na P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa. Mwendo huo hutaufikia, na kwenye kona za Mombo kwenda Soni nisisikie umeujaribu. Uzito ndio wa kuangalia, maana umeniambia Jumamosi unapakia kabichi za mama. Lenye namba ndogo kuliko la zamani liache hata kama wanaligawa.

Kisha tafuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai, mara nyingi mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Ukikuta 1824, limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2024. Tairi lililoning'inia juani mlangoni mwa duka miaka na miaka litang'aa, hasa likipakwa dawa, lakini mpira umeshakauka. Likunje kwa vidole; ukiona nyufa ndogondogo kwenye mikunjo, rudisha. Na kama meno yanaonekana yamekatwa kwa kisu, hayalingani kina, hilo ni kipara kilichochongwa upya. Usilisogelee.

Kuhusu meno: yale makubwa yaliyoachana yanakula tope vizuri, ila kwenye lami yenye maji mpira unaogusa chini ni kidogo na breki inakuwa ya kubahatisha. Kwa njia yako ya mchanganyiko chagua lenye vitalu vilivyokaribiana katikati na vilivyoachana pembeni. Litachakaa mapema kuliko lile gumu kama jiwe ambalo bodaboda wanalisifia kwa kudumu. Sawa, lichakae. Gumu la namna hiyo linateleza lami ikilowa, na wewe unateremka mlima.

Halafu kuna huu mtindo wa kununua la nyuma tu, kisha lililochoka linahamishiwa mbele. Hapana. La mbele ndilo linalokata kona na kubeba kazi kubwa unapofunga breki, na hata upana wake si ule. Kwa kuwa linachelewa kuisha, wengi wanalisahau mpaka linapasuka ubavuni kwa uzee. Chungulia ndani ya mifereji: kuna vituta vidogo, na meno yakishalingana navyo, muda wake umekwisha.

Sasa ufungaji. Usimwachie fundi pikipiki ukaenda kunywa chai, simama hapo. Kwanza mpe tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka, ukiirudisha itajikunja ndani kama shuka la futi sita kwenye kitanda cha futi tatu, na pale kwenye mkunjo ndipo itakapotobokea. Kabla hajaiweka, tazama ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki; ukikatika, spoki zinachoma tyubu moja kwa moja. Kulainisha ni maji ya sabuni. Akishika kopo la oili mzuie, oili inaoza mpira na tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu.

Ubavuni kuna mshale. Ndio upande gurudumu linakokwenda, na tairi likigeuzwa maji hayatoki chini yake inavyopaswa. Mwambie aanze kwa kuijaza tyubu upepo kidogo tu, ili isibanwe na vyuma. Akimaliza, angalia mstari mwembamba karibu na rimu: ukilingana pande zote, tairi limekaa. Pini ya upepo isimame wima. Ikilala, tyubu imevutwa, arudie.

Upepo haupimwi kwa kidole gumba. Boxer inataka PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukipakia, ukipima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kabla ya kuondoka hakikisha alama za kurekebishia cheni zinalingana kulia na kushoto, nati ya ekseli imekazwa, na fimbo ya breki ya nyuma imerudishwa na pini yake. Hiyo pini mafundi wanaisahau kuliko kitu kingine chochote. Kisha nenda polepole kilomita mia za kwanza, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani.

Na wewe wa Tabora uliyempa kijana pikipiki ya mkataba, mkagombana nani anunue tairi: andikeni kwenye mkataba. Mimi ningelipia la mbele na kumwachia la nyuma, kwa sababu la nyuma linaisha kwa anavyoendesha na anavyopakia. Lakini dukani nenda mwenyewe, risiti ibaki kwako, na zile tarakimu nne zipige picha kabla pikipiki haijatoka gereji, ili siku akisema tairi limeisha ujue kama ni lile lile.