Waridi la buluu hutoka wapi?

Swali: Mawaridi ya buluu na ya rangi za upinde wa mvua yanayopamba kumbi za harusi Kinondoni na Temeke huota hivyo shambani?

Jibu: Hakuna waridi la buluu linaloota lenyewe. Wekundu na upinki wa waridi hutokana na antosiani, nao umanjano hutokana na karotenoidi. Mmea huu hauwezi kutengeneza delfinidini, kemikali inayoleta ubuluu katika maua mengine mengi.

Kwa hiyo la buluu lilianza likiwa jeupe. Huachwa lishikwe na kiu kidogo, bua likakatwa mshazari na kutumbukizwa kwenye maji yenye rangi. Maji hupanda kwa mirija ya bua hadi kwenye petali, yakatoka kama mvuke, rangi hubaki. Kwa lile la upinde wa mvua, bua hupasuliwa vipande vitatu au vinne, kila kimoja kikanywa kutoka chombo chake chenye rangi yake. Kulitambua waridi lililonyweshwa rangi si kazi: mishipa ya majani nayo hukolea rangi. Mengine hupuliziwa rangi juu tu, petali zikakakamaa na vidole vikachafuka. Hiyo ni kazi ya haraka kuliko ya ustadi.

Kampuni ya Suntory ya Japani na ile ya Florigene ya Australia zilitumia njia nyingine: zilipandikiza jeni ya delfinidini kwenye waridi na kutangaza mafanikio mwaka 2004. Mauzo yalianza Japani mwaka 2009. Hata hivyo, ua hilo linaloitwa la buluu ni la zambarau hafifu, kwa sababu utomvu wa petali za waridi una asidi nyingi.