Kuondoa Madhara ni Wajibu Wetu

Mtume (s.a.w.) amekataza watu kudhuru na kudhuruana. Wengi wetu twalifahamu katazo hili kwa jirani atupaye taka mlangoni pa mwenziwe. Lakini moshi wa mtambo na maji machafu yaingiayo baharini ni madhara makubwa zaidi, kwani humfika hata mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Natutazame Lamu. Huko Kwasasi palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050. Wenyeji hawakutosheka na kunung'unika barazani. Walikusanyika, wakauliza, wakashitaki. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufani la mazingira likaibatilisha leseni ya mtambo huo, kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo, wala athari zake juu ya tabianchi hazikuangaliwa vya kutosha.

Huenda mtu akasema: "Umeme ni manufaa." Ni kweli, lakini mafakihi wetu wamekata kwamba kuzuia uharibifu hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Tena, kushauriwa si hisani ya mtawala, bali ni haki ya raia.

Basi yatupasa tusiwaache wenzetu wa vijijini peke yao. Mwenye elimu na awasomee hati, mwenye mali na awachangie ujira wa wakili, na asiye na haya mawili na asimame nao kwa ushahidi wa kweli. Dua twaiomba, lakini haitupunguzii wajibu wa kutenda.

Wabillahi taufiki.