Mdogo wangu, usiogope chupa ya maji

Mdogo wangu wa Magu, keti hapa kwa dada. Najua umechoka kuambiwa "kula vizuri" na kila anayepita. Wala si wewe peke yako: Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kila mwaka, na Kanda yetu ya Ziwa ina wengi. Leo naanza na maji, maana hapo ndipo mnaponikosesha usingizi.

Unajinyima maji shuleni ili usiombe ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara. Nakuelewa, darasa zima likigeuka kukutazama aibu inauma. Lakini sikia: selimundu huzidhoofisha figo zikashindwa kubana maji, ndiyo maana unakojoa sana hata usipokunywa. Na wewe mama, mtoto akikojoa kitandani usimchape, si uvivu. Ukikaa na kiu, chembe za damu zinazidi kujikunja na kukwama njiani, na usiku mgongo na magoti vinakuliza. Haba na haba hujaza kibaba: kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, mtu mzima afikishe lita 2 hadi 3, na jua likiwaka aongeze. Mzazi aende akazungumze na mwalimu. Maji ya ziwa yachemshwe, hapo sibembelezi mtu, maana kuna vijidudu vya tumbo ambavyo kwako vinaweza kuingia hadi kwenye mifupa.

Haya, tuje jikoni. Chembe nyekundu za mtu mwingine huishi siku 120 hivi, zako ni 10 hadi 20 tu. Mwili wako unatengeneza damu usiku na mchana, na kazi hiyo inakula nguvu. Sasa ukitoka asubuhi na chai ya rangi tupu, unategemea nini? Kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sawa, lakini iwe na karanga. Dagaa, maharage, choroko, kipande cha sato kikipatikana. Mchicha na majani ya kunde usiyachemshe mpaka yakapoteza rangi, wala usimwage maji yake, faida nyingi inaondoka nayo. Nsansa, mboga zetu za majani zilizokaushwa, usiionee haya eti ni chakula cha shida.

Kuna jambo linanitisha zaidi. Foliki asidi uliyopewa kliniki, meza kila siku. Ila usiazime vidonge vya kuongeza damu vya shemeji mjamzito! Vile vina madini ya chuma, na wewe uliyeongezewa damu mara kadhaa huenda unayo tele. Yakizidi huharibu ini na moyo. Pimwa kwanza. Juisi ya rozela kunywa, ni tamu, lakini haiondoi ulichozaliwa nacho. Anayekwambia uache dawa yako ya haidroksiurea na kliniki ya Hospitali ya Bugando kwa sababu ya mizizi yake, mwache aende zake, hata akiwa ndugu.

Siku maumivu yakibisha hodi, hamu ya kula hukimbia. Usilazimishwe ugali. Uji mwepesi, supu ya samaki, maji ya uvuguvugu, funda kwa funda. Lakini ukipata homa, kifua kikabana, au macho yakazidi kuwa manjano, weka bakuli chini, mwamshe mtu hata kama ni usiku wa manane, mwende hospitali. Usiseme unaogopa kuwasumbua. Tusumbue, mdogo wangu.