Dondoo muhimu: Ngano ya Hanang, mkate wa Babati

Basotu, wilayani Hanang, ndiko serikali kwa msaada wa Kanada ilikoendesha mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 na baadaye. Mwokaji wa Babati ana ngano jirani. Anunue punje, azipeleke mashineni.

Faida kuu ni ladha. Unga mweupe wa kiwandani huondolewa pumba na kiinitete ili ukae muda mrefu. Punje ikisagwa nzima, vyote hubaki, pamoja na mafuta yenye harufu nzuri. Mafuta hayohayo huharibika upesi na kuupa unga uchungu, kwa hiyo asagishe wa wiki moja au mbili tu.

Kwanza ngano ipepetwe, itolewe mawe. Mwenye mashine aombwe kufuta mabaki ya mahindi (wengi husahau hili, kisha wakalaumu hamira). Unga ukitoka ukiwa wa moto, upoe ndipo ufungwe.

Pumba hunywa maji mengi na hupunguza kuumuka. Donge liwe laini kuliko la kawaida, lipumzike nusu saa kabla ya kukandwa.

Anayeanza achanganye nusu kwa nusu na unga mweupe. Kwa chapati, huo wa mashineni unatosha peke yake.