Pete ya Korongo

Soma: Yeremia 8:7, Mathayo 10:29–31.

Nabii Yeremia aliwakemea watu wa Yuda kwa mfano wa ndege wasafirio: hao huenda na kurudi kwa majira yao, bali watu walioitwa na Mungu walikataa kurudi. Ndege mmoja aliyemtaja ni koikoi, naye ni yule tumwitaye korongo mweupe, mwenye mbawa nyeusi nyuma, mdomo na miguu ya rangi nyekundu. Kati ya Novemba na Machi twamwona mashambani na mbugani akiokota nzige na viwavi, kisha hutoweka. Huenda wapi?

1. Habari iliyoletwa na jeraha

Watu wa Ulaya nao waliuliza hivyo, maana kwao korongo huondoka kabla ya baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo aliyechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika, urefu wake karibu sentimeta 80. Alijeruhiwa Afrika, akaruka nao hata kwao. Ndege huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Basi wakajua korongo huja kwetu.

2. Habari iliyoletwa na pete

Mwaka 1899 mwalimu wa shule, H. C. C. Mortensen wa Viborg, Denmark, aliwavika kwezi pete nyepesi za alumini miguuni, zenye namba na anwani. Katika 1901 Johannes Thienemann, mwalimu aliyesoma thiolojia, alianzisha kituo cha ndege huko Rossitten. Na tangu 1903 aliwavika ndege pete. Watu waliookota pete hizo walipoandika barua, njia ikajulikana. Korongo wa mashariki hupita Bosporus, Palestina na bonde la Nile, wakafika kwetu na hata Afrika ya Kusini. Wa magharibi huvuka Gibraltar. Huepuka bahari pana, maana huchukuliwa juu na hewa ya moto ipandayo toka nchi kavu.

3. Faida ya kuhesabu

Mwaka 1934 nchi nyingi zilianza kuhesabu korongo pamoja. Hesabu hizo zilionyesha hasara: mabwawa yalikaushwa, sumu ilinyunyizwa mashambani, nyaya za umeme ziliwaua. Katika 1950 hapakuwa tena na korongo wa mwituni aliyezaa Uswisi, mpaka watu wakawarudisha kwa kazi ya miaka mingi. Jozi zilizozaa duniani zilikadiriwa kuwa 135,000 hivi katika 1984, na 230,000 hivi katika 2004 na 2005. Mtu asiyehesabu kundi lake hajui lililopotea, wala haoni furaha ya lililopatikana.

4. Mafundisho

Bwana Yesu aliwataja shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, akasema Baba anawajua. Basi tusidharau alichokijali Yeye.

Tena, korongo mmoja ana nchi nyingi. Mkulima wa Ujerumani akimtengenezea kiota, nasi tukinyunyiza sumu ovyo, ndege akala nzige wenye sumu akafa, kazi ya yule ni bure. Kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia. Na uumbaji nao ni hivyo.

Mtu akiokota ndege aliyekufa mwenye pete, asiitupe wala asiifanye pambo. Aandike namba na maneno yote, siku na mahali, akawape wakuu wa wanyamapori. Wala asimwue ndege ili apate pete. Huo ni mshale wa 1822 tena.

Maswali kwa darasa:

1. Yeremia aliwalaumu watu kwa jambo gani ambalo ndege hawakulaumiwa?
2. Mshale na pete vilileta habari moja, vyatofautianaje?
3. Katika usharika wetu, ni sumu gani itumikayo mashambani, na nani huila baada ya wadudu?