SOMO LA TAWI: KUHAMISHA MAHALI PA KUFULIA



Katika kambi za mashamba na nyumba za viwandani, mtu akitaka kuhamisha mahali pa kufulia huwaza kwanza maji yatafikaje. Lakini swali kubwa ni maji yatatokaje. Maji safi husukumwa bombani hata yakapanda ukuta. Maji machafu huteremka tu. Kwa hiyo kazi huanzia mwisho: kwanza shimo, kisha bomba, ndipo sinki.

1. Shimo. Usiyaelekeze maji ya sabuni kwenye choo cha shimo, kitajaa upesi. Wala usiyaache yatuame uani. Mbu aina ya Culex huzaliana katika maji machafu, naye ni miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha katika pwani ya Afrika Mashariki. Chimba shimo la kunyonya maji, ulijaze mawe, ulifunike. Liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa bondeni, na mbali na msingi wa nyumba. Kabla ya kuchimba, jaribu udongo: chimba kijishimo, ukijaze maji jioni. Yakiwamo bado asubuhi, tafuta mahali pengine.

2. Mteremko. Bomba la inchi 2 lishuke sentimita 2 kwa kila mita 1. Bomba la mita 6 lishuke sentimita 12. Huna pimamaji? Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uujaze maji pasipo mapovu, uinue ncha zote mbili. Maji yatasimama kimo kimoja huku na huku. Tia alama kwenye vigingi, kisha pima kushuka kutoka hapo.

3. Kona. Kona kali hukusanya nyuzi na sabuni. Badala ya kona moja ya nyuzi 90, tumia mbili za nyuzi 45, na uache hapo mdomo wa kuzibulia wenye kifuniko.

4. Mpindo. Chini ya sinki weka bomba lililopinda, linalobaki na maji. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu na mende. Ufundi huu ni wa zamani: Alexander Cumming, fundi saa, aliupatia hataza ya choo Uingereza mwaka 1775. Kama bomba ni refu, liunge na bomba la kupumulia linalopanda juu ya paa, la sivyo maji yakikimbia yatafyonza yale ya mpindo.

Kabla ya kufukia, mimina ndoo mbili kwa pamoja na ukague kila kiungo.

5. Haki. Nyumba ikiwa ya mwajiri, usitoboe ukuta bila idhini ya maandishi. Usije ukakatwa mshahara kwa uharibifu. Na kwanza uliza: kazi hii ni ya nani? Pendekezo Nambari 115 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1961, linataja maji salama na uondoaji wa maji machafu katika makazi ya wafanyakazi. Pendekezo si sheria, lakini ni hoja nzito mezani. Mfanyakazi mmoja akiomba bomba huambiwa asubiri. Safu nzima ya nyumba ikiandika barua moja kupitia kamati ya tawi, hiyo ni ajenda.

Maswali ya kujadili:
(a) Maji ya kufulia katika kambi yenu huishia wapi?
(b) Kisima kiko umbali gani kutoka hapo?
(c) Mkataba wenu unasema nini juu ya matengenezo ya nyumba?