Somo la Mwezi: Ghala la Yusufu na Masomo ya Vijana Wetu

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 41:46–49, Mithali 6:6–8, Luka 14:28–30.



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wageni huongezeka nyumbani kwa Kasisi. Vijana huja na karatasi mkononi, wazazi wakiwafuata nyuma, nao huuliza swali moja tu: “Ufadhili wa chuo unapatikana wapi?” Sisi wa Kamati ya Elimu tumelijibu swali hilo mara nyingi, na mara nyingi tumewaona watu wakirudi nyumbani kwa huzuni. Ufadhili ulikuwapo, ila wakati wa kujiandaa kwa ajili yake ulikuwa umekwisha pita. Swali hilo lilipaswa kuulizwa mtoto alipokuwa kidato cha kwanza au cha pili. Ndiyo maana somo la mwezi huu tumewaandikia hasa ninyi vijana wa vidato vya chini, pamoja na wazazi na walezi wenu.

1. Yusufu alianza lini?

Yusufu hakungoja njaa iingie Misri ndipo atafute magunia. Alianza kukusanya miaka saba mapema, wakati ambapo shamba lilikuwa limejaa na hakuna aliyeona haja ya kuweka akiba. Tena tuangalie jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: kila mji uliwekewa akiba ya chakula cha mashamba yaliyouzunguka. Akiba haikutoka mbali. Ilikuwa karibu na watu wenyewe, ikahifadhiwa karibu nao.

Ufadhili wa masomo nao uko hivyo. Anayesoma maombi ya kijana hutaka kuona mambo yaliyokusanywa kwa miaka: alama za mitihani, vyeti halali, ushahidi wa watu wanaomfahamu, na kazi alizozifanya kwa wenzake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutengenezwa kwa juma moja.

2. Msichana mmoja wa parishi yetu

Kwa idhini yake, na pasipo kumtaja jina, tutawaeleza habari za binti mmoja aliyelelewa na bibi yake. Baba yake alifariki kijijini, na kifo chake hakikuandikishwa serikalini. Binti huyu alisoma kwa bidii, akafaulu kidato cha sita kwa daraja la kwanza. Alipotaka kuomba msaada wa chuo, akadaiwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba. Hakuwa nacho hata kimoja. Cheti cha kuzaliwa kilipopatikana kwa haraka, jina lililoandikwa humo halikulingana na jina alilofanyia mitihani, kwa sababu siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliliandika kama alivyolisikia.

Alikuja kwetu pia kuomba barua ya utambulisho. Tukamwambia arudi baada ya Jumapili, maana tulikuwa na shughuli za kipaimara. Aliporudi, siku za kupokea maombi zilikuwa zimebaki mbili, na zikapita kabla hajamaliza.

Linalotuumiza zaidi ni hili. Baadaye, tulipokuwa tukitafuta habari nyingine katika daftari la ubatizo, tulikuta jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi wake, na sahihi ya kasisi wa wakati ule. Habari hizo zilikuwa kwenye sanduku letu miaka kumi na saba. Ghala lilikuwa limejaa, nasi tuliokabidhiwa ufunguo hatukulifungua. Binti alingoja mwaka mzima, akauza mboga pamoja na bibi yake huku akihangaikia vyeti. Mwaka uliofuata alipata mkopo, na sasa yuko chuoni. Lakini mwaka ule mmoja tulimpotezea sisi wakubwa wake, na tunaukiri mbele yenu.

3. Tusichanganye majina ya misaada

Watu wengi husema “ufadhili” wakimaanisha kila aina ya msaada. Yafaa tutofautishe.

(a) Ufadhili kamili ni fedha zisizorudishwa. Hulipa ada, na mara nyingi chakula, malazi na vitabu.

(b) Mkopo hurudishwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Aliyekopeshwa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Mkopo si aibu. Vijana wengi wa nchi yetu wamesoma kwa njia hiyo. Lakini ajue tangu mwanzo kwamba ni deni, asije akashangaa baadaye. Tangu mwaka 2023 Bodi imekopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele.

(c) Punguzo la ada hutolewa na chuo chenyewe. Hulipa sehemu tu, na iliyobaki ni ya mzazi. Hapo ndipo mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14 unatuhusu: tukae kwanza tuhesabu gharama.

4. Baadhi ya milango iliyopo

Hatuwezi kuitaja yote. Tunataja michache ili kijana aone jinsi kila mlango unavyodai maandalizi ya mapema.

Ufadhili wa Samia ulianzishwa na Serikali mwaka 2022. Huwalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika masomo ya sayansi kidato cha sita, wanaokwenda chuo kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Basi, kijana aliyeacha fizikia na kemia alipoingia kidato cha tatu kwa sababu rafiki zake waliyaacha, amekwisha ufunga mlango huu pasipo kujua.

Serikali ya Japani imetoa ufadhili kwa wanafunzi wa nchi za nje tangu mwaka 1954, na maombi hupitia ubalozi wake. Anayeomba shahada ya kwanza hufanya mtihani wa maandishi, ukiwamo wa Kiingereza na hisabati. Hisabati ya namna hiyo haijifunzwi kwa mwezi mmoja.

Shirika la Ashinaga, nalo la Japani, lilianzisha mwaka 2014 mpango kwa ajili ya wanafunzi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Husomeshwa ng'ambo, wakitarajiwa kuja kulitumikia bara lao. Bila shaka mnaona sasa kwa nini cheti cha kifo cha mzazi si karatasi ya kuogopwa wala ya kuahirishwa.

Mpango wa wanafunzi wa Mastercard Foundation ulianza mwaka 2012. Hupitia vyuo vikuu vyenyewe, kama Ashesi cha Ghana, na kila chuo kina masharti yake. Huangalia uwezo wa darasani, uhitaji wa nyumbani, na moyo wa kuwatumikia wengine.

Uko pia mlango unaofunguka kabla ya kidato cha sita. Shule za UWC hupokea vijana wa miaka 16 hadi 18 hivi kwa miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu, na wengi husaidiwa ada kulingana na uwezo wa nyumbani. Shule ya UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, ilijiunga na umoja huo mwaka 2019. Kijana anayesikia habari hizi akiwa kidato cha sita amechelewa. Anayezisikia kidato cha tatu ana nafasi.

5. Kazi ya kila kidato

Kidato cha kwanza: Tengeneza vyeti. Mzazi aende ofisi ya RITA wilayani akiandikishe kizazi, kama hakijaandikishwa. Kwa mtoto aliyechelewa kuandikishwa, cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki huweza kusaidia kama ushahidi. Linganisha herufi kwa herufi jina la cheti, jina la shule na jina la mtihani. Kama yanapishana, mwone mwalimu mkuu sasa, wakati jambo hili ni jepesi.

Kidato cha pili: Jenga Kiingereza na hisabati. Soma kitabu kimoja kila mwezi nje ya masomo ya darasani, uandike nusu ukurasa juu yake. Kijana anayefanya hivyo kwa miaka mitatu hataogopa atakapotakiwa kujieleza kwa maandishi.

Kidato cha tatu: Chagua masomo kwa kufikiri. Nunua daftari moja, uandike humo kila ufadhili unaousikia: unatolewa na nani, kwa nani, unataka nini, na maombi hupokelewa mwezi gani. Masharti hubadilika, kwa hiyo yahakikishe upya kila mwaka kwa watoaji wenyewe. Katika kurasa za nyuma andika kazi unazozifanya: kufundisha Shule ya Jumapili, kuwasaidia wadogo zako hesabu, kulima shamba la bibi. Usidharau kazi za nyumbani. Kijana anayewalea wadogo zake huku akisoma ana ushuhuda mkubwa, mradi auseme kwa kweli, pasipo kuongeza chumvi.

Kidato cha nne: Matokeo ya mtihani huu hufuatana nawe maisha yako yote, na namba yako ya mtihani itatakiwa hata utakapoomba mkopo. Mwombe mwalimu anayekufahamu vema akuandikie barua mapema, naye akae na nakala.

Kidato cha tano na cha sita: Sasa omba, tena penye milango zaidi ya mmoja. Usingoje matokeo ndipo uanze kusoma masharti.

6. Jihadharini na wezi

Wako watu wanaopiga simu au kutuma ujumbe wakisema kijana amepata ufadhili ng'ambo, ila atume kwanza fedha “za kufungulia faili”. Msitume. Mtu anayedai fedha ili akupatie nafasi anakuibia, hata kama anataja jina la Mungu. Kama kuna ada halali ya fomu, itatajwa wazi na taasisi yenyewe, nayo hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla ya kutoa shilingi, ulizeni shuleni, kwenye ofisi ya taasisi inayotajwa, au kwetu.

7. Wajibu wa parishi

Tumeamua mambo matatu, nanyi mtudai tusipoyatimiza. Kwanza, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi daftari la ubatizo litafunguliwa, na mzazi atakayefika atapewa nakala ya habari za mtoto wake. Pili, barua ya utambulisho ya mwanafunzi itaandikwa ndani ya siku tatu, kuwe na sikukuu au kusiwe. Tatu, kwa kuwa maombi mengi siku hizi hufanyika kwa njia ya intaneti, kompyuta ya ofisi itatumiwa na wanafunzi alasiri ya siku hiyohiyo, na kijana mmoja aliye chuoni atawasaidia.

Neno la mwisho ni kwa waliochelewa. Msikate tamaa. Mwalimu Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943, kisha akafundisha Tabora miaka kadhaa kabla ya kupata ufadhili wa kwenda Edinburgh mwaka 1949. Miaka ya kungoja si lazima iwe miaka ya kupotea. Na wale ambao hawatapata ufadhili wowote, thamani yao mbele za Mungu haikuandikwa kwenye barua ya chuo chochote. Lakini hilo lisiwe kisingizio chetu cha kulala. Chungu hana msimamizi, naye hukusanya wakati wa mavuno.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika nyumba zetu, ni watoto wangapi wasio na cheti cha kuzaliwa? Ni nini kinachotuzuia?

2. Yusufu aliweka akiba karibu na watu. Je, parishi yetu inahifadhi nini kinachoweza kumfaa kijana, ambacho hatujakitumia?

3. Je, tunawahimiza wasichana kubaki na hisabati na sayansi kama tunavyowahimiza wavulana?

4. Kijana afanye nini anaposhawishiwa kuongeza uongo katika maombi yake ili aonekane mhitaji zaidi?

Sala

Ee Mungu, uliyempa Yusufu hekima ya kuona mbali, uwape vijana wetu bidii katika siku hizi za kukusanya. Utusamehe sisi wakubwa tuliowachelewesha, utufundishe kufungua mapema ghala ulilotukabidhi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.